Kabla Hujawasomea Watu

Mpwapwa, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Sechelela,

Barua nzuri huanza kwa kuulizana hali. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha watoto wa watu. Lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Unageuka, kitanda kinalia, unatulia kidogo, unageuka tena. Unalala kwa kuvizia, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Mimi sijalala. Nimeyasogeza pembeni madaftari ya darasa la sita, nimechana karatasi za katikati ya daftari jipya, na tatu kati ya hizo nimeshaziharibu.

Habari za begi, za chakula, za kutopokea vinywaji vya watu usiowajua, sitaziandika. Shangazi zako wamezimaliza. Hata muuza mkaa alikuambia jana, "Mwandishi, ukifika huko usitusahau," nawe ukacheka, ukamwambia utamweka kwenye kitabu. Akasema, "Niweke, lakini usiseme napunja." Na mimi nilicheka. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti bila kujua nilichofuata, kwa sababu alilolisema yeye kwa utani ndilo ninaloliogopa mimi bila utani.

Naogopa, Seche. Kesho utapanda basi la Dodoma, utakutana na wale vijana wa kampuni ya vitabu waliokuchapia hadithi zako, na kwa mwaka mzima watakuzungusha kutoka tamasha moja la vitabu hadi jingine: Dodoma, Arusha, Mwanza, Unguja, na Nairobi pasi ya kusafiria ikitoka. Kote huko utasoma hadithi ileile moja, ya mama na mtoto wake aliyeugua surua. Jumapili tulipotoka kanisani ulinisomea, ukanitegea sikio lako la kulia, kama ufanyavyo siku zote, ili usikie nitakachosema. Ulipomaliza ukauliza, "Mama, ni sawa?" Nikakujibu, "Ni sawa, ila sentensi ya tatu ni ndefu." Ukaifupisha palepale, ukafurahi.

Sentensi ya tatu haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa natafuta kitu cha kusema.

Nikueleze woga huu umeanzia wapi. Hujawahi kunisikia nikisimulia kwamba na mimi niliwahi kuzungushwa hivyo. Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa ya biashara, maduka yanaanza kuonyesha sabuni na khanga tena, watu wenye mitaji midogo wanaanza kuchapa vitabu vyao wenyewe, na kila mkoa unataka uwe na tamasha lake. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Moyoni nilikuwa bado yule mwanafunzi wa masista: nilipiga mstari kwa rula, niliandika tarehe juu kulia, na niliamini kwamba jambo likishaandikwa kwa Kiswahili safi limekuwa kweli.

Likatangazwa shindano la masimulizi ya wazee. Nikaenda Gulwe kwa bibi yangu, Bibi Mbeleje, ambaye wakati huo alikuwa akikulea mimi nikiwa kazini. Nikamwomba anisimulie jambo lolote la utotoni mwake. Alinisimulia kwa Kigogo, huku anapepeta mtama, bila kuniangalia.

Alipokuwa msichana mdogo ilikuja njaa kubwa. Wazazi wake walimtuma ampeleke mdogo wake, Nyemo, kwa watu wa mbali waliokuwa na nafaka. Nyemo abaki huko, naye arudi na kibuyu cha mtama. Ndivyo watu walivyoivuka njaa ile: mtoto mmoja huachwa mahali penye chakula ili ale, na waliobaki nao wale. Walipofika, Nyemo alimshika nguo, hataki kubaki. Bibi akamwambia, "Nisubiri hapa, naenda kuchota maji." Akaondoka na kibuyu kichwani. Mvua zilipokuja, wazazi walikwenda kumkomboa mtoto wao, wakakuta watu wale wamehama. Hakuna aliyejua walikoelekea.

Nililia nikimsikiliza. Halafu nikarudi Mpwapwa, nikakaa kwenye meza hii hii, nikaandika kwamba Nyemo aliugua njiani, akafia mikononi mwa dada yake, na dada akamchimbia kaburi kwa mikono. Kibuyu sikukitaja. Mwishoni nikaongeza fundisho kuhusu upendo wa ndugu.

Unajua tunavyotaniwa kwamba Wagogo ni ombaomba. Nilipofika chuo cha ualimu, wenzangu walinipokea kwa kuniuliza, "Mgogo, bakuli umeliacha wapi?" nami nikacheka nao, maana utani ni utani. Lakini nilipokaa kuandika nilijiuliza, hawa nikiwaambia kwamba bibi yangu alimwacha mdogo wake akapewa mtama, watacheka mpaka lini? Nilijiambia kwamba namlinda bibi. Yeye hakuwa ameniomba nimlinde. Alikuwa amesimulia wazi, kwa sauti yake ya kawaida.

Hadithi ikapata nafasi. Ikachapwa kwenye kitabu chembamba pamoja na za wengine, nasi tukaanza kuitwa. Morogoro nilitetemeka hata karatasi ikasikika kwenye kipaza sauti. Mzee mmoja aliyekuwa na meza ya vitabu vya hesabu akaja kununua nakala kwangu, akasema, "Binti, mimi husoma magazeti tu, lakini leo umeniliza." Nikatembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Tanga nilikuwa nimeshajua mahali watakapolia. Nikifika penye kaburi nilinyamaza, nikahesabu moja mpaka tatu, ndipo nikaendelea. Ilipofika zamu ya Mwanza nilikuwa nimeongeza mvua inayonyesha juu ya kaburi. Hakuna mtu aliyenituma. Ukimya wa ukumbi ulikuwa unaiomba, nami nikaitoa.

Shangazi zako wanaogopa wanaume wa hotelini. Mimi naogopa makofi. Watu utakaowakuta kwenye matamasha ni wema, mwanangu, na hilo ndilo gumu lake. Watakuletea chai, watakuandikia anwani zao, watakuita mwandishi chipukizi hata ukifika miaka arobaini. Hakuna atakayekudanganya. Utasoma leo, utaona mahali walipoinua vichwa, na kesho mahali hapo patakuwa parefu kidogo. Hutajua umepaongeza lini.

La mwisho mwaka ule lilikuwa Dodoma. Waandaaji wakasema, mlete bibi mwenyewe tumwone. Bibi akavaa kaniki mpya, tukapanda treni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha stesheni, na hadithi ile hakuwahi kusomewa. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba maneno yake yamependwa. Akakalishwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto. Nikasoma. Nikafika penye kaburi, nikanyamaza, nikahesabu moja, mbili.

Bibi akasimama kwa fimbo yake. Akaugeukia ukumbi akasalimia, "Mbukwenyi." Waliojua wakaitikia, "Mbukwa." Kisha akasema kwa Kigogo, polepole, kama anayeelekeza njia: "Nyemo hakufa. Nilimwacha. Tulipewa mtama."

Mshereheshaji, mtu wa pwani, mchangamfu, akafurahi sana. "Mwalimu, bibi anasemaje? Tutafsirie na sisi tufaidi."

Ukumbi wote ukanigeukia. Nikasema, "Bibi anasema anashukuru sana, mmemkumbuka mdogo wake."

Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Bibi akawatazama, halafu akanitazama mimi. Neno "anashukuru" alilijua vizuri. Kila siku aliuza karanga kwa abiria. Akakaa chini.

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akigawa chai karibu na mlango, Mgogo mwenzetu. Tulipotoka akanivuta kando.

"Dada, bibi hakusema vile."

"Najua."

"Sasa?"

"Watu wameshapiga makofi."

"Kwani makofi ni nini? Hapa wanampigia hata diwani akipiga chafya." Akammiminia bibi chai, akamwekea sukari, akamshikisha kikombe kwa mikono miwili. Mimi hakunipa.

Nilijiambia nitasahihisha tamasha lijalo. Lijalo sikwenda. Sikwenda tena lolote. Bibi alifariki ulipokuwa darasa la pili, na kwenye kile kitabu Nyemo bado amekufa njiani. Utakumbuka ulivyokuwa ukifuatana na bibi stesheni na sinia la karanga, na jinsi treni ikisimama alivyokuwa akitazama kila mwanamke mzee anayeshuka. Ulidhani anatafuta wateja.

Barua hii ingeweza kuishia hapa. Ingekuwa na kosa la zamani, na fundisho juu yake, na wewe ungeikunja ukaona mama kakuusia vizuri. Karatasi zile tatu nilizichana kwa sababu kila mara niliishia hapa.

Hadithi yako inasema kwamba mama alikuwa Mwanza kikazi, akapata simu ya maandishi saa sita mchana, akaacha kila kitu, akakimbilia stesheni na kiatu kimoja mguuni, akasimama ndani ya treni njia nzima, akafika akakuta mtoto ametoka hatarini ila sikio la kushoto halisikii tena. Uliandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokusimulia tangu ukiwa mdogo. Hata kile kiatu nilikitunga mimi.

Simu ilifika Jumatano asubuhi. Bibi alimtuma mtu kwa mwalimu mkuu wangu, naye akaipeleka posta bila kuchelewa. Ilisema: mtoto surua hali mbaya rudi. Mhudumu wa hosteli alinipa mkononi nikiwa nakunywa uji. Treni ilikuwa inaondoka jioni ileile. Zamu yangu ya kusoma ilikuwa Ijumaa, mbele ya wageni kutoka nchi jirani, na nilikuwa nimeambiwa kwamba mmoja wao huenda akaichukua hadithi yangu akaichapa kwao.

Nilikaa kitandani. Nikajiambia bibi amelea watoto wengi, surua hupita, zahanati ipo. Niliikunja ile simu, nikaiweka ndani ya kitabu kwenye ukurasa nitakaosoma. Alhamisi nilikwenda sokoni. Ijumaa nilifungua kitabu mbele ya watu, nikaikuta pale, nikaisogeza kwa kidole, nikasoma. Sikuwahi kusoma vizuri kama siku ile. Nilipanda treni Jumapili.

Wewe ulikuwa umelala sakafuni kwa bibi, usaha unatoka sikioni. Zahanati ilikuwa imesema upelekwe hospitali ya Mpwapwa, na bibi hakuwa na nguvu za kukubeba umbali ule. Alikuwa ananisubiri. Daktari alikutazama, akauliza usaha umeanza lini, bibi akasema siku ya tano leo. Daktari akasema, "Mngemleta mapema." Alisema "mngemleta," sote wawili, na bibi akainamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mimi nikasema simu imechelewa kufika. Kila mtu akaamini, kwa sababu simu zilikuwa zikichelewa.

Bibi hakuamini. Sikujua hilo mpaka tuliporudi kutoka lile tamasha la Dodoma. Tulikuwa ndani ya treni. Tulipokaribia Gulwe akasema, "Lile gauni ulilomletea mtoto kutoka Mwanza, lenye ukosi. Fundi alilishona siku ngapi?"

"Siku mbili, bibi."

"Na ulisema ulipata habari mchana, ukapanda treni jioni."

Nikageukia dirisha.

"Mimi na wewe tumemwacha mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na nini?"

Treni ikasimama. Nikashusha mizigo. Hakukubali nimshike mkono kwenye ngazi.

Sijapata jibu la swali lile mpaka leo, Seche, na nimelitafuta. Sikuwa mama asiyekupenda. Nilikupenda siku ya Jumatano na nilikupenda siku ya Ijumaa. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo, basi. Ukilitafuta neno kubwa kuliko hilo hutalipata. Mimi nimelikosa kwa miaka kumi na mitano.

Sasa niseme ninachokiogopa, maana nimezunguka sana. Naogopa uende mwaka mzima ukiwapa watu uongo wangu ukidhani ni kumbukumbu zako. Arusha kiatu kitakuwa kimoja. Unguja mama atakuwa peku. Nairobi miguu itakuwa inatoka damu. Siku moja utajua, kwa njia nisiyoijua, na utakuwa umeshausema mbele ya kumbi tano.

Na naogopa jingine, dogo na baya zaidi. Naogopa kwamba ukijua utanitazama kama bibi alivyonitazama akiwa kwenye kile kiti chenye mto. Hofu hii ya pili ndiyo iliyonifanya Jumapili nizungumzie sentensi ya tatu. Ndiyo iliyonishinda kutwa ya leo, nikakufulia nguo ambazo zilikuwa safi.

Sikuambii uibadilishe hadithi. Sikio ni lako, na jina lililo juu ya kitabu ni lako. Ukitaka kusoma ya kiatu, isome, lakini uisome ukijua. Ukitaka kusoma ya Jumatano, nimekuruhusu, na unitaje. Habari zitafika huku. Walimu wenzangu watasikia, wazazi wa wanafunzi wangu watasikia, mama mchungaji atakuja kuniombea huku anachungulia sebule. Labda nitaliweza hilo, labda litanishinda, sijui. Ila nakuomba usinifanye mbaya kuliko nilivyokuwa, kama vile nakuomba usinifanye mwema. Uongo wa upande huo nao una makofi yake.

Na pengine utafika, utafungua kitabu, utaona huwezi kusoma lolote kati ya hayo mawili. Basi funga, waambie watu hujamaliza kuiandika. Hakuna atakayekufa. Watakunywa chai yao. Sisi tulioandika upesi tukasoma vizuri tungefurahi kama mtu angetuambia kwamba hilo linaruhusiwa.

Nina tumaini pia, ingawa barua nzima imejaa woga. Juzi nilisoma ile hadithi yako nyingine, ya wanafunzi wanaochota maji, na nikakuta umeandika kwamba wewe ndiye uliyeivunja ndoo ya shule, akachapwa mwenzako. Hukujitafutia sababu hata moja. Mimi katika umri wako ningeivunja ndoo ile kwa upepo.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii ndani ya begi, chini ya sweta, uikute Dodoma. Ndivyo barua za namna hii zilivyo: mzazi husema mtoto akiwa ameshafika mbali, na kama kuna uso wa kukunjwa unakunjwa huko. Nimeona kwamba nitakuwa nimekaa tena kwenye kile kitanda cha hosteli. Kwa hiyo nitakuamsha mapema, saa kumi badala ya saa kumi na moja. Utanung'unika. Nitakupa karatasi hizi na taa, na nitakaa kiti cha pili mpaka umalize. Uniulize unachotaka, nami nitajibu kama ilivyokuwa, hata basi likianza kupiga honi kule stendi. Na kama hutakuwa na swali, ukataka kuondoka bila kuniaga, nitakubebea begi, nitembee nyuma yako hatua chache, nisikusumbue.

Kuku wa jirani ameshawika mara moja. Maji ya chai nimeyabandika.

Naweka kalamu chini, naja kukuamsha.

Mama yako